Safari ya meli Norwei: kila mtu ana mwezi wake

Mjomba, shikamoo.

Naishi Leicester na mume wangu, sote asili yetu ni Unguja. Mwakani tumeazimia kumpeleka mama mkwe matembezi ya meli kaskazini ya Norwei. Ana miaka 71, mjane, goti moja lilishafanyiwa upasuaji na bado linamsumbua akipanda ngazi, na anameza dawa za presha. Bahari haimtishi. Marehemu mumewe alikuwa baharia wa meli za mizigo, na yeye mwenyewe alikuwa akienda Pemba kwa jahazi tangu msichana.

Fedha tumezidunduliza, zipo. Tatizo ni mwezi. Mume wangu anataka taa za kaskazini, zile za kijani zinazocheza angani. Anakesha akitazama video zake. Wakala mmoja wa safari amempa bei ya chini kwa safari ya siku kumi na mbili, Bergen mpaka Kirkenes na kurudi, inayoondoka mwishoni mwa Novemba. Amemwambia kwamba jua sasa liko kwenye kilele cha nguvu zake na asipoziona taa mwakani atasubiri miaka kumi na moja. Advansi inatakiwa kabla ya mwisho wa mwezi huu, na hairudishwi.

Wifi yangu yuko Muscat, na ndiye anayechangia nusu ya gharama za mama yao. Novemba hataki hata kuisikia. Anataka kiangazi, Juni mwishoni au Julai, kwa sababu watoto wake watakuwa wamefunga shule na Muscat wakati huo haikaliki kwa joto. Tena anataka dubu weupe. Anauliza, yaani tufike kaskazini kote huko turudi bila kumwona dubu hata mmoja?

Mimi nimesoma hapa na pale nikaona watu wanausifu mwisho wa Septemba: taa zipo, baridi haijawa kali, bei zimeanza kushuka. Nikapendekeza hivyo. Wote wawili wakanuna, kila mmoja akiona nimempendelea mwenzake.

Mama mwenyewe ukimuuliza anasema, "Popote mtakaponipeleka, wanangu." Siku moja tu kwenye simu alizungumza zaidi kidogo. Alisema marehemu alikuwa akimhadithia kwamba waliwahi kupakia chuma bandari ya Narvik, wakamaliza kazi saa sita za usiku na jua bado linawaka, naye akimwambia anatia chumvi. Halafu akaniuliza: sasa isha na alfajiri huko wanaziswali saa ngapi, ikiwa jua halichwi? Sikuwa na jibu, nikageuza mazungumzo.

Nimechoka kukaa katikati. Nitajie mwezi, na uniambie nitausemaje bila kuonekana mkazamwana anayewaendeshea watu familia yao.

Mkazamwana, Leicester

*

Marahaba, mpwa wangu.

Ukimuuliza nahodha wa jahazi pale Malindi mwezi upi ni mzuri wa safari, hatakutajia mwezi. Atakuuliza unakwenda wapi, ndipo akwambie usubiri kaskazi au usubiri kusi. Nyinyi mmeanza na mwezi, na ndiyo maana kila mtu ana wake. Mumeo anataka kitu cha gizani, wifi yako anataka kitu cha mwangani, nawe umeshika mwezi wa katikati ukitumaini kila mmoja atapata nusu. Kule juu nusu haipo.

Taa za kaskazini hazina msimu wa kuwaka. Ni chembe zinazotoka kwenye jua, usumaku wa dunia unazivutia kuelekea kwenye ncha, zikigonga hewa ya juu inang'aa. Hilo linatokea mwaka mzima. Kinachokosekana kiangazi ni giza la kuzionea. Pale Tromsø, mji wa kaskazini ya Norwei, kuanzia kiasi cha tarehe 20 Mei mpaka 22 Julai jua halichwi kabisa, na tangu mwisho wa Aprili mpaka katikati ya Agosti hata likichwa anga halitii giza la maana. Kwa hiyo katika kiangazi cha wifi yako hakuna taa hata moja itakayoonekana. Na katika Novemba ya mumeo usitafute jua la saa sita za usiku, maana hata la saa sita za mchana halipo: Tromsø jua hutoweka karibu na tarehe 27 Novemba, likarudi katikati ya Januari. Simaanishi giza totoro mchana kutwa. Zipo saa chache za mwanga wa buluu juu ya theluji, mzuri ajabu, na wako watu wanaousafiria huo tu. Lakini ni saa chache, na meli haisubiri.

Nianze na hiyo Novemba, kwa sababu ndiyo iliyowekewa tarehe ya kulipa.

Bei iko chini kwa sababu zake. Meli za pwani ya Norwei si majumba yanayoelea yenye kasino na majukwaa ya ngoma. Tangu 1893, nahodha Richard With alipoanzisha huduma hii kwa meli ya Vesteraalen, hizi ni meli za kazi: zinabeba mizigo, zinabeba wenyeji wanaokwenda hospitali na shule, na zinatia nanga bandari 34 kati ya Bergen na Kirkenes. Siku hizi zinaendeshwa na kampuni mbili, Hurtigruten na Havila. Bandari nyingine mnakaa robo saa, nyingine saa tatu nne, na ukitaka kuona chochote unashuka ngazi ya meli na kutembea kwenye gati. Mwishoni mwa Novemba gati hizo hugeuka barafu. Wenyeji waliozaliwa humo humo wanafunga vyuma vya meno chini ya viatu ili wasianguke. Mtu wa miaka 71, mwenye goti la upasuaji, ambaye hajawahi kukanyaga barafu, atashuka mara mbili tatu, kisha ataanza kusema anajisikia kuchoka, nendeni nyinyi, mtanihadithia. Sehemu kubwa ya safari ataimaliza dirishani, na nje ya dirisha kuna giza.

Bahari nayo. Sehemu kubwa ya njia imekingwa na visiwa, chombo kinapita kama kiko ziwani, lakini kuna mahali kinatoka wazi: Stad, Hustadvika, kuvuka Vestfjorden kwenda visiwa vya Lofoten, na kule mashariki ya rasi ya Nordkapp. Mama mkwe wako mkondo wa Nungwi anaujua, simtilii shaka. Ila dhoruba za kipupwe huko si za kuchezea. Machi 2019 meli ya Viking Sky, ikiwa na watu 1,373, ilizimikiwa na injini katika dhoruba pale Hustadvika, na watu 479 wakabebwa kwa helikopta mmoja mmoja mpaka nchi kavu. Hakuna aliyekufa, na mambo kama yale ni nadra sana. Cha kawaida ni meli kuruka bandari mbili tatu kwa sababu ya upepo na abiria kulala na mifuko ya kutapikia.

Halafu hayo maneno ya wakala kuhusu jua. Ni kweli lina mzunguko wa miaka kumi na moja hivi, na kilele chake kilifika 2024. Lakini nguvu hazizimiki siku moja kama taa ya umeme, zinashuka polepole kwa miaka. Tena Tromsø iko moja kwa moja chini ya ule ukanda ambao taa hutokea hata jua likiwa limetulia. Anayehitaji mwaka wa kilele ni mtu anayetaka kuziona akiwa Leicester. Mwambie mumeo taa zitamngojea.

Na nikuambie jambo ambalo mawakala wa meli hawapendi kulisema: taa hazihitaji meli. Adui wa taa ni mawingu, na pwani ya Norwei ina mawingu mengi. Meli inafuata ratiba, ikiwa chini ya wingu ndiyo basi. Sifa zake siwezi kuzificha: sitahani kuna giza safi, mkiwa mmelala mabaharia wanatangaza kwenye spika kwamba taa zimetokea, na Hurtigruten kwa safari ndefu za kipupwe wamekuwa na ahadi ya kukupa safari nyingine fupi bure zisipojitokeza, kwa masharti yanayotakiwa yasomwe vizuri. Lakini mtu aliyeko Tromsø anapanda basi dogo jioni, na dereva anayesoma satelaiti anampeleka bara, mpaka huko Skibotn karibu na mpaka wa Finland, ambako milima imezuia mvua na anga huwa wazi mara nyingi zaidi. Kwa mumeo, huyo dereva ana thamani kuliko kabini yenye dirisha kubwa.

Basi mumeo apewe safari yake, yeye na wewe wawili, kwa ndege, siku nne au tano Tromsø. Mwisho wa Septemba au Machi, kwa sababu karibu na siku ambazo usiku na mchana vinalingana taa huelekea kuwa na nguvu zaidi. Mwachagua tarehe kwa mwezi mwandamo: mwanzo au mwisho wa mwezi wa Kiislamu, usiku usiwe na mbalamwezi ya kufifisha zile taa dhaifu. Kalenda ya ukutani ya msikiti inatosha kwa kazi hiyo.

Septemba yako, kwa hiyo, si mbaya. Ningekuwa naandikiwa na watu wawili wazima wenye miguu mizuri wasiojua wanataka nini, ningewaambia Septemba mwishoni na kufunga barua. Miti ya huko inageuka manjano, watalii wamepungua, na ikifika kama tarehe 23 jua linachomoza na kuchwa kwa saa zinazokaribiana na za Unguja. Lakini fikiri: mama atasafirishwa kutoka Unguja mpaka mwisho wa ramani akute mchana wa saa kumi na mbili na usiku wa saa kumi na mbili. Huo anao kwake kila siku.

Dubu nitawapitia haraka. Norwei bara hakuna dubu weupe porini. Wako Svalbard, visiwa vilivyo kaskazini zaidi, mji wake Longyearbyen uko nyuzi 78 za latitudo ya kaskazini. Meli za huko ni nyingine, ndogo, na msimu wake ni Mei mpaka Septemba. Kushuka ni kwa kuruka kutoka boti ya mpira mpaka kwenye mawe yenye maji, jambo ambalo goti la mama halitalikubali. Tangu mwanzo wa 2025 sheria imewataka watu wakae angalau mita 300 kutoka kwa dubu, na mita 500 kuanzia 1 Machi hadi 30 Juni, kwa hiyo picha ya wifi yako itakuwa ya kitone cheupe kwenye barafu nyeupe. Tena Svalbard iko nje ya eneo la Schengen, zile nchi za Ulaya zenye viza moja: ukitoka Norwei kwenda huko umeshatoka, ukirudi unaingia upya, na anayehitaji viza lazima iwe ya kuingia mara mbili. Akiwataka sana hao dubu, aende siku nyingine na watoto wake.

Sasa nirudi kwenye barua yako. Umeniandikia aya nzima kuhusu mumeo, aya nzima kuhusu wifi, na kuhusu mwenye safari umeandika sentensi chache mwishoni, kisha ukasema uligeuza mazungumzo. Mama huyo amekwisha kuwaambia anachotaka. Anataka kuona kama mumewe alikuwa anatia chumvi.

Hakuwa anatia chumvi. Narvik ni bandari ya chuma tangu mwanzo wa karne iliyopita. Reli kutoka machimbo ya Kiruna, Sweden, ilijengwa mpaka pale kwa sababu mkondo wa maji ya uvuguvugu kutoka Atlantiki unaizuia bahari yake isigande hata kipupwe, wakati bandari za Sweden upande wa pili zilikuwa zikifungwa na barafu. Meli kutoka kila pembe zilikwenda kupakia pale, na mabaharia wetu walikuwa katika nyingi za meli hizo. Kuanzia mwisho wa Mei mpaka katikati ya Julai jua halichwi Narvik. Mtu aliyemaliza zamu saa sita za usiku katika siku hizo alitoka sitahani akiwa amevaa miwani ya jua kama alikuwa nayo.

Kwa hiyo jibu langu ni Juni. Kwa mama, wiki ya pili au ya tatu ndiyo bora. Bergen, mji unaosifika kwa mvua, una miezi yake mikavu kuanzia Aprili mpaka Juni. Kuanzia Septemba mvua inarudi kwa nguvu. Milimani theluji bado ipo, na kwa sababu inayeyuka maporomoko ya maji yamejaa. Kuanzia Juni meli za Hurtigruten huingia Geiranger, mojawapo ya zile fyodi, mikono ya bahari iliyojipenyeza kati ya milima mirefu, kipupwe haziingii. Gati ni kavu. Wanorwei wenyewe huchukua likizo zao Julai, kwa hiyo Juni katikati mnatangulia msongamano na bei ya juu kabisa. Kama shule za Muscat hazijafunga, sogezeni mbele, lakini msiondoke Bergen baada ya tarehe 5 Julai, ili mfike kaskazini jua la usiku bado likiwa juu ya upeo na si kuchungulia tu. Mawingu yanaweza kulificha hata hivyo. Ila mnakuwa juu ya mstari wa ncha, ule ambao kaskazini yake jua la kiangazi halichwi, usiku kadhaa mfululizo, na hata siku ya wingu utasoma kitabu sitahani saa nane za usiku.

Wala sioni haja ya siku zote kumi na mbili. Pandeni Bergen, mwende mpaka Kirkenes kwenye mpaka wa Urusi, na mnaporudi mshuke Harstad. Meli haiingii Narvik, lakini kutoka Harstad ni kama saa mbili kwa gari. Laleni Narvik usiku mbili, mama akae mahali panapoonekana gati la chuma, saa sita za usiku. Kisha mrudi Oslo kwa ndege kutoka Evenes, uwanja ulio kati ya miji hiyo miwili. Mtakuwa mmepunguza siku tatu za meli na mmempeleka alikotaka.

Swali lake la sala si dogo, na ulifanya haraka kuligeuza. Mimi si mufti, nakwambia ninayoyajua tu. Adhuhuri na alasiri hazina tatizo, jua linapinduka na kivuli kinarefuka kama kawaida. Kinachokosekana ni alama za magharibi, isha na alfajiri. Mama huenda anaijua hadithi iliyomo katika Sahihi Muslim, inayotaja siku itakayokuwa ndefu kama mwaka: masahaba waliuliza kama sala za siku moja zitawatosha, wakaambiwa hapana, wakadirie. Hapo ndipo wanazuoni walipojengea. Wapo wanaosema ufuate saa za mji wa karibu ambao usiku na mchana vinatofautika, wapo wanaosema ufuate Makka. Waislamu wanaoishi Tromsø wana msikiti na wanaswali mwaka mzima, kiangazi na kipupwe, hakuna aliyeachwa bila ratiba. Tena yeye ni msafiri, ana ruhusa ya kukusuru na kujumuisha, yaani kufupisha sala na kuziunganisha. Amuulize sheikh wake Unguja kabla ya safari, achague njia moja, na ratiba yake iandikwe kwa mkono kwenye karatasi kubwa ibandikwe kabini. Programu za simu huko juu hutoa saa za ajabu au hukaa kimya, na mtu wa umri wake asianze kubishana na simu usiku. Na kama hili linamzidi, kama anaona hatapata utulivu wa ibada, basi hapo tu ndipo ile Septemba yako inapopata hoja, maana sala zote tano zitakuwa na alama zake. Mwamuzi ni yeye.

Karatasi hiyo hiyo iandikwe saa za dawa. Mwanga usiokwisha unavuruga kichwa cha mtu: anakosa usingizi, anaona bado mapema, kidonge cha jioni anakimeza alfajiri au anakisahau. Mapazia mazito yapo kwenye meli, lakini mnunulieni na kitambaa cha kufunika macho. Ombeni kabini ya katikati ya meli, sitaha ya chini kiasi, ambako mtikisiko ni mdogo, na karibu na lifti. Joto la kaskazini Juni ni kama nyuzi kumi mchana, upepo ukivuma linashuka zaidi. Buibui lake avae, ndani yake awe na suruali na fulana ya sufi ya kubana mwili, juu koti lisilopitisha upepo. Pamba tupu haifai, ikilowa inabaki baridi. Buibui lisiwe refu la kukanyagwa kwenye ngazi ya meli. Chakula andikieni kampuni mapema kwamba mnataka halali. Samaki huko ndiyo mwenyeji, kwa hiyo njaa haitamuua.

Viza ndiyo itakayowapa ratiba ya kweli, kabla hata ya jua. Mama mwenye pasi ya Tanzania anahitaji ya Schengen, na wifi pia kama pasi yake ni ya Oman au ya Tanzania. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na jibu huchukua siku 15 hadi 45. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, na bima ya afya isiwe chini ya yuro 30,000. Akipitia kwenu Leicester kwanza atahitaji na viza ya Uingereza, ambayo ni kazi nyingine na pesa nyingine; mimi ningemleta moja kwa moja Bergen mkutane huko. Kwa hali hiyo, kulipa advansi isiyorudishwa mwezi huu, kwa ajili ya mtu ambaye hajaomba viza, ni kutupa karata gizani. Wakala yeyote mwaminifu atakupa kwa maandishi kwamba viza ikikataliwa advansi inarudi, au ataihamisha. Akikataa, meli hizo zinaondoka Bergen kila siku, mtapata nyingine.

Kuhusu kuwaambia: usiwaambie wewe. Wewe ukisema Juni, mumeo ataona umehamia kwa dada yake, na wifi ataona ameshinda, na vita vitaendelea ndani ya meli. Mwambie mumeo ampigie mama simu Ijumaa baada ya sala, wifi awe kwenye laini hiyo hiyo, na amuulize jambo moja tu: "Mama, ile hadithi ya baba ya Narvik ilikuwaje?" Basi. Wewe kaa jikoni. Yeye mwenyewe atawahadithia wanawe, na wao ni watoto wa yule baharia, hawahitaji mkazamwana wa kuwafasiria. Akishamaliza, mumeo ndiye atakayesema Juni, na akisema mwache aone ni wazo lake.

Zile siku tano za Tromsø za Machi ziwekee akiba kuanzia mwezi huu, maana mwanamume aliyekubali kuacha taa kwa ajili ya mama yake asiachwe mikono mitupu. Na safari hiyo, mpwa wangu, wifi asiambiwe mpaka tiketi ziwe zimeshakatwa.

Mjomba